Kumfuatilia babu aliyelima Kilimanjaro karne ya 19: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mkulima wa Kilimanjaro aliyezaliwa mnamo 1850 hakuacha cheti cha kuzaliwa, wala barua, wala hati ya shamba. Ukienda kanisani kuuliza jina lake, paroko atafungua kitabu, atapekua, kisha atakwambia hayumo. Wengi huishia hapo. Lakini mtu wa zama zile hupatikana katika kumbukumbu za watu wengine: ubatizo wa mwanawe, kesi ya mjukuu wake kuhusu mpaka, mfereji aliochimba na wenzake, barua ya mmisionari kuhusu mwaka wa njaa. Kwa hiyo usimtafute yeye peke yake. Watafute waliomzunguka.

Nimeichagua Kilimanjaro kwa sababu kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, hukaa ndani ya ukoo vizazi kadhaa, na pia wamisionari walifika wakati wazee wa karne hiyo wangali hai: Wakatoliki Kilema mwaka 1891 na Kibosho 1893, Walutheri wa Leipzig Machame 1893. Wa Lushoto, Rungwe au Pemba nao watapata la kwao, nimelisogeza kuelekea mwisho.

Hatua ya kwanza: pekua kabati kabla ya kupanda basi

Anza na karatasi zilizomo ndani ya familia. Vyeti vya ubatizo na ndoa, risiti za kodi, kadi za chama cha msingi cha kahawa, Biblia iliyoandikwa majina kwenye jalada la ndani, picha zenye maandishi nyuma. Zaidi ya vyote, tafuta wasifu wa marehemu uliosomwa kwenye mazishi. Karatasi hizo watu huzitupa wiki inayofuata, ilhali ndizo zenye jina la baba na mama wa marehemu, kijiji alichozaliwa na idadi ya ndugu zake. Wasifu wa mtu aliyezikwa 1978 akiwa na miaka 85 unakufikisha 1893 bila kuondoka sebuleni.

Panda kizazi kimoja kimoja kutoka kwako kwenda juu. Usirukie juu kwa sababu kuna simulizi tamu kwamba ukoo ulitoka Ukambani, Usambara au Taita. Simulizi hizo zipo karibu kila ukoo mlimani na nyingine zina ukweli, ila ni za ukoo mzima, hazikwambii baba wa babu yako alikuwa nani. Ziandike kwenye daftari tofauti. Vivyo hivyo ile ya kwamba sisi ni wa nyumba ya mangi, yaani mtawala wa Kichagga: kwa idadi ya wanaoidai, Kilimanjaro isingekuwa na mtu wa kulima.

Hatua ya pili: wazee, na mashangazi kabla ya wajomba

Desemba ndiyo nafasi yako, watu wanapopanda nyumbani. Lakini usimhoji mzee siku ya sikukuu yenyewe, kelele zikiwa nyingi na kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Nenda asubuhi ya siku nyingine, umwamkie, ukae, upeleke sukari au lita kadhaa za mbege kama anakunywa, umweleze unachotafuta na umwombe ruhusa ya kumrekodi kwa simu. Mwache aanze kwa Kichagga. Majina ya mahali, ya rika na ya mifereji hupotea mtu akilazimika kutafsiri huku anasimulia.

Waanze mashangazi na bibi walioolewa nje ya ukoo. Wanaume waliobaki kihambani mara nyingi husimulia toleo moja lililokubaliwa, lile linalolinda mpaka wa shamba lao. Shangazi aliyeolewa Mwika hana shamba la kulinda. Atakwambia kwamba babu alikuwa na wake watatu, kwamba mmoja aliletwa kutoka vitani, na kwamba ugomvi wa nyumba kubwa na nyumba ndogo ulianza na ng'ombe wa mahari.

Usiulize “alizaliwa mwaka gani?” Uliza hivi:

- Wajerumani walipompiga Sina, mangi wa Kibosho, babu alikuwa ameoa au bado kijana?
- Alitahiriwa pamoja na nani? Rika lao liliitwaje?
- Sotoka, ule ugonjwa wa mifugo, ilipoua ng'ombe, alibaki na wangapi? Je, alikuwa amefugisha ng'ombe kwa watu wengine?
- Nani alibaki kwenye nyumba ya mama yake? Nani alipewa kihamba kipya, na wapi?
- Alilima ulezi wapi kule chini tambarare? Nani alikuwa jirani yake?
- Alizikwa wapi, na masale (mimea ya kuonyesha mipaka na makaburi) yaliyopandwa pale yapo hadi leo?

Swali la urithi lina uzito wa pekee. Kwa desturi ya Wachagga, kitinda mimba wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, na mtoto wa kwanza naye ana fungu lake, huku wa katikati wakienda kutafuta kwingine. Ukijua nani alibaki na nani alihama, umeshapata mpangilio wa kuzaliwa kwao bila mwaka hata mmoja.

Na chora mti kwa nyumba, si kwa baba pekee. Mtoto wa mke wa kwanza na wa mke wa mwisho wanaweza kupishana miaka 30 au zaidi. Anayekadiria kizazi kimoja kuwa miaka 25 huteleza hapo.

Tahadhari ya majina: mtoto wa kwanza wa kiume kwa kawaida hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Maana yake jina moja linajirudia kila baada ya kizazi. Ukimkuta mtu aliyepigana enzi za Mangi Rindi wa Moshi na pia aliyeuza kahawa 1930, huenda hao ni wawili, babu na mjukuu, walioshonwa pamoja na kumbukumbu ya familia.

Hatua ya tatu: tengeneza kalenda ya matukio

Majibu ya wazee hayana miaka, kwa hiyo unahitaji vigingi vya kuyafungia. Andika hivi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari:

1848: mmisionari Rebmann anafika kutoka Rabai na kuuona mlima. 1861 na 1862: safari za mpelelezi Mjerumani von der Decken. 1882, Septemba: nyota kubwa yenye mkia. 1885: wamisionari wa Kianglikana wa CMS wanafungua kituo Moshi, wanaondoka 1892. 1891: Wissmann, kamanda wa Wajerumani, anampiga Sina wa Kibosho, na mwaka huo huo Rindi wa Moshi anafariki. 1890–1891: sotoka inapita Afrika Mashariki. 1892: von Bülow, ofisa wa Kijerumani, anauawa Moshi. 1893: gavana wa Kijerumani von Schele anamshinda Meli, mwana wa Rindi. Miaka ya 1890: nzige, ukame na funza wa miguuni. 1898: kodi ya nyumba inaanza kukusanywa kwa amri ya 1897. Machi 2, 1900: Meli na wenzake wananyongwa Old Moshi. 1910: nyota ya Halley. 1911: reli ya Tanga inafika Moshi. 1916, Machi: Waingereza wanaingia Moshi.

Ongeza ya mtaa wako: mwaka kanisa lilipojengwa, mwaka mangi wenu alipofariki, mafuriko yaliyobomoa mfereji.

Angalia kwamba “vita ya Wajerumani” si moja. Mtu wa Kibosho akitamka hivyo ana maana ya 1891, wa Old Moshi ana maana ya 1892 au 1893, na mtoto wake anaweza kuwa na maana ya 1914–1916. Muulize mzee: vita ya nani na nani, na mangi alikuwa nani?

Hatua ya nne: kihamba na mfereji

Tembea shambani na mzee, daftari mkononi. Masale huonyesha mipaka na makaburi, na mstari wa masale unaopita katikati ya migomba ya mtu mmoja mara nyingi ni alama ya kihamba kilichogawanywa au kuunganishwa. Uliza kila kipande kilitoka kwa nani: urithi, zawadi ya mangi, kununua kwa ng'ombe, au msitu uliofyekwa. Aliyefyeka msitu ndiye mara nyingi mtu wa kwanza wa ukoo mahali hapo.

Mfereji ni shahidi ambaye watu humsahau. Mingi ilichimbwa na koo maalumu, na wazao wa waliochimba walikuwa na sauti ya kwanza katika kugawa maji na kuitisha watu kuusafisha. Muulize anayesimamia mfereji wenu leo: nani aliuanzisha, nani alichinja mbuzi siku ya kwanza, zamu ya ukoo wetu ilikuwa siku gani? Ukoo uliokuwa na zamu ya asubuhi tangu zamani hakika haukufika juzi.

Piga picha kila jiwe na kila msalaba. Makaburi ya Kikristo ya miaka ya 1910 na 1920 mara nyingi yana tarehe. Ya wazee wasiobatizwa hayana, ila mahali yalipo panakwambia mengi.

Hatua ya tano: vitabu vya kanisa

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi, basi nitakaa kidogo.

Kwanza tambua parokia au usharika wa wakati ule, si wa leo. Parokia yako inaweza kuwa ya 1965, na kabla ya hapo waumini wake waliandikwa kwenye parokia mama kama Kilema au Kibosho. Kwa Walutheri, usharika wa sasa ulikuwa mtaa wa kituo cha misheni cha Machame, Mamba au Old Moshi. Andika barua au fika ofisini siku ya kazi, na utambulisho kutoka kwa paroko au mchungaji wako. Usiombe kubeba kitabu wala kukinakili chote. Omba kuangalia miaka fulani na majina fulani.

Pili, tafuta watoto wa babu, siyo babu. Kama alizaa 1880 hadi 1905, wanawe wanaweza kuwamo kwenye ubatizo wa 1895 hadi 1925, wengi wakiwa vijana waliopitia mafundisho. Mstari huo utakuwa na jina la baba, wakati mwingine la mama na la kijiji. Hapo umempata babu. Na usifunge kitabu kabla ya kuangalia waliobatizwa katika hatari ya kufa. Wazee wengi walikataa maji miaka 20, wakayapokea kitandani siku ya mwisho.

Vitabu vya Wakatoliki viliandikwa Kilatini. Maneno machache yanatosha: *natus* ni amezaliwa, *baptizatus* amebatizwa, *filius* na *filia* ni mwana wa kiume na wa kike, *patrinus* msimamizi, *uxor* mke, *obiit* alifariki, *adultus* mtu mzima, *in periculo mortis* katika hatari ya kufa. Neno *circiter* au *circa* mbele ya umri lina maana ya takribani: padre alimtazama mtu usoni akakisia. Soma pia pambizo. Kanisa lilianza kuandika ndoa na kipaimara pembeni mwa mstari wa ubatizo, hivyo mstari mmoja unaweza kukupeleka hadi parokia alikoolewa binti. Kama parokia ina kitabu cha familia, kinachoitwa *status animarum*, omba hicho kabla ya vingine vyote, kwa sababu kinaweka nyumba nzima ukurasa mmoja.

Vya Walutheri viko kwa Kijerumani cha mkono wa zamani, na ugumu wake ni wa maumbo ya herufi kuliko wa lugha. Herufi e inafanana na n, na u huvaa kikofia kidogo juu ili itofautishwe na n. Chapisha jedwali la mwandiko huo uende nalo. *Geboren* ni kuzaliwa, *getauft* kubatizwa, *gestorben* kufariki, *Heide* ni asiye Mkristo, na *um* mbele ya mwaka ni kisio.

Majina yaliandikwa kama sikio la Mjerumani lilivyoyasikia. Machame ni Madschame, Kibosho ni Kiboscho, Moshi ni Moschi. Sh inakuwa sch, j inakuwa dsch, ch inakuwa tsch, w na v hubadilishana, na r na l huchanganywa mno. Kabla ya kwenda, andika jina la babu kwa namna sita au saba. Kumbuka pia kuwa mtu akibatizwa alipata jina jipya: la mtakatifu kwa Wakatoliki, la Biblia au la Kikristo lililotungwa kienyeji, kama Aikaeli, kwa Walutheri wengi. Jina la utotoni linaweza lisionekane tena. Kinachounganisha ni baba, kijiji na msimamizi.

Hatua ya sita: nyaraka za serikali

Makao ya Nyaraka za Taifa yapo Dar es Salaam. Majalada ya enzi za Wajerumani yana alama ya G mbele ya namba. Ya Waingereza yana majalada ya sekretarieti, ya mikoa na wilaya, na vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri waliandika historia za umangi, orodha za koo, desturi za ardhi na kodi. Andika kabla hujafunga safari, uliza utaratibu wa ruhusa na ada, na peleka barua ya utambulisho.

Usitegemee orodha ya kodi yenye jina la babu. Kodi ya 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shambani, ilikusanywa kupitia watawala wa huku, na kilichobaki kwa kawaida ni jumla. Faida ya majalada haya ni mazingira: bei ya ulezi, watu waliotolewa kubeba mizigo, mipaka ya mashamba ya walowezi, mwaka wa njaa.

Kesi za ardhi ni jambo jingine. Mahakama za wenyeji enzi za Mwingereza zilisikiliza mashauri mengi ya vihamba, na shahidi mara nyingi alianza kwa kueleza kihamba kilimfikiaje: babu yangu alipewa na mangi fulani, akampa mwanawe, jirani alikuwa fulani. Huo ni mti wa ukoo uliotolewa kwa kiapo mbele ya adui anayetaka kuuvunja, na kwangu mimi una nguvu kuliko simulizi tano za Krismasi. Uliza mahakama ya mwanzo ya eneo lenu na Nyaraka za Taifa. Wazee wakisema “tulishtakiana na akina fulani”, shika jina la mshtakiwa na mwaka, kwa sababu jalada hubeba majina hayo.

Kwa wana na wajukuu wa babu, kahawa ilizaa karatasi nyingi. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa, KNPA, kilianzishwa 1925, na KNCU ikachukua nafasi 1933. Kitabu cha wanachama cha chama cha msingi kinaweza kuwa kwenye kabati la ofisi, chini ya mizani.

Hatua ya saba: kumbukumbu zilizo ng'ambo

Hifadhi za Misheni ya Leipzig ziko Halle, Ujerumani, kwenye Franckesche Stiftungen. Za Mapadre wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, nje kidogo ya Paris. Za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Za Wizara ya Makoloni ya Ujerumani ziko Bundesarchiv, Berlin, fungu R 1001, na sehemu kubwa imewekwa mtandaoni unaweza kuisoma bure. Picha za wamisionari wa Leipzig zinapatikana mtandaoni kupitia maktaba ya Chuo Kikuu cha Southern California, nyingi zikiwa na maelezo.

Ukiandikia hifadhi hizi, usiseme “naomba habari za ukoo wangu”. Sema: natafuta shajara ya kituo cha Mamba, 1895 hadi 1900, na kutajwa kokote kwa mzee wa kijiji fulani. Ombi lenye mahali na miaka hupata jibu.

Kukadiria mwaka wa kuzaliwa

Chukua mfano wa kubuni. Mwana wa kwanza amebatizwa 1903, umri “takribani 20”, kwa hiyo alizaliwa kati ya 1880 na 1886. Shangazi anasema babu alimwoa mama wa mtoto huyo akiwa bado kijana, si mzee wa kuongeza mke. Tukimpa miaka 22 hadi 30, babu alizaliwa kati ya 1850 na 1864. Mzee wa ukoo mwingine anataja mwenzake wa rika ambaye padre alimwandika mwaka 1912 kuwa wa “takribani 55”. Hiyo inaelekea 1857, tuseme kati ya 1852 na 1862. Mabano yote mawili yanapishana kati ya 1852 na 1862, basi andika hivyo. Usiandike 1857. Tarakimu kamili ikishaingia kwenye mti wa familia haitoki tena, na wajukuu wataichonga kwenye jiwe.

Kwa kila dai weka mambo matatu: nani alisema au kitabu gani, alijuaje, na lini ulisikia. Ushahidi ukigongana, usichague ulio mtamu. Andika yote mawili na sababu ya kuliamini moja.

Kama babu hakuwa wa Kilimanjaro

Usambara, anza na misheni ya Kijerumani ya Bethel iliyoingia Mlalo 1891, na ya Kianglikana ya UMCA kule Magila. Rungwe, wamoravian wa 1891. Pwani na visiwani, karatasi ni za aina nyingine kabisa: Kiswahili na Kiarabu kwa herufi za Kiarabu, hati za kuuziana mashamba, wakfu, mirathi za kadhi. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar ipo Kilimani, Unguja. Mkulima wa karafuu wa Unguja mtafute pande zote mbili za kimbunga cha Aprili 1872, kilichoangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba bila madhara makubwa. Wengi waliolima karafuu walikuwa watumwa, na baada ya amri ya 1897 ya kufuta utumwa Zanzibar majina yao huonekana kwenye kumbukumbu za kuachwa huru na za fidia kwa waliokuwa mabwana. Jina la babu likikosekana upande wa wenye shamba, litafute huko, na uwaandae watu wa nyumbani kabla ya kuwaonyesha.

Kuhusu vipimo vya DNA

Vinasaidia kuunganisha watu walio hai, havikupi jina la baba wa babu. Hifadhidata za kampuni nyingi zina watu wachache wa Afrika Mashariki, kwa hiyo majibu huja na asilimia za maeneo mapana tu. Vilipofanya kazi vizuri kwetu, swali lilikuwa finyu. Mwaka 2023 taasisi ya Berlin inayosimamia makumbusho ilitangaza kwamba baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro enzi za Wajerumani yamelingana na ndugu walio hai Tanzania. Moja lilikuwa limeandikwa “Akida”, na hilo ndilo lililoelekeza wapi pa kutafuta familia. Fanya kazi ya vitabu na wazee kwanza, uweke pesa ya kipimo kwa swali moja dogo: je, nyumba hii na ile ni za baba mmoja?

Kuhifadhi

Chapa kurasa chache, mpe mzee aliyekusimulia azisikie zikisomwa, na usahihishe atakapokataa. Habari za walio hai, kama mitaa wanayoishi, magonjwa na watoto wa nje, usiziweke mtandaoni bila idhini yao. Nakala moja ibaki kwa anayekaa kihambani, moja kwa kila nyumba ya wake wa babu, na ya sauti iwe kwenye vifaa viwili tofauti, kila faili likiwa na jina la msimuliaji, mahali na tarehe.